Sola ya mkopo, pasi ya makaa: uzoefu wangu Kigumba

“Mama, wewe ulitaka mwanga, na mwanga unao.” Hayo ndiyo maneno niliyoambiwa na kijana wa dawati la wateja katika ofisi ya Kampala, baada ya kutoka Kigumba kwa basi la alfajiri nikiwa nimebeba mkataba wangu ndani ya bahasha ya plastiki ili usilowe. Aliyasema bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. Nimekaa na maneno hayo miezi kadhaa sasa, na kila nikidhani hasira imepoa, nayasikia upya.

Kampuni iliyoniuzia sola hii kwa mkopo sitaitaja, kwa kuwa shauri letu halijakwisha. Nitaeleza tu nilichouziwa, nilichopata, na yale niliyojifunza kwa kuchelewa.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, na mwezi wa kufungua muhula kwangu ni kama msimu wa mavuno. Nyumba yangu iko nje kidogo ya mji, mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika, ingawa bwawa la Karuma lenye megawati 600, lililozinduliwa mwaka 2024, limo katika wilaya yetu hii ya Kiryandongo, na nyaya zake nene zinaelekea Kawanda bila kutugeukia. Kwa hiyo alipokuja kijana wa mauzo, amevaa fulana safi na kushika taa iliyokuwa ikiwaka mchana kweupe, alinikuta nimekwisha kushawishika nusu. Alitazama pasi yangu ya makaa, akatazama majivu yaliyodondokea kola nyeupe, akasema: “Mama yangu, ukifunga hii, makaa utayasahau. Pasi, redio, hata friji ndogo.” Aliniita mama yangu mara nyingi siku ile. Huko ofisini baadaye niliitwa namba ya akaunti.

Nililipa shilingi 800,000 za kuanzia, kisha nikakubali kulipa 145,000 kila mwezi kwa miezi 18 kupitia simu. Jumla ni shilingi 3,410,000, na kwa fundi wa sare hizo si pesa za kuokota. Nililetewa paneli mbili zilizobandikwa karatasi ya wati 250 kila moja, betri iliyoandikwa ampia-saa 200, yaani kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi, na inveta ya wati 1000, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo. Mafundi walipanda bati, wakafunga kila kitu kabla ya adhuhuri, wakanipiga picha nikitabasamu chini ya taa, wakaondoka. Picha hiyo inaniudhi kuliko deni.

Pasi niliijaribu jioni ya siku iliyofuata. Nilikuwa na mashati thelathini na kitu ya shule moja ya hapa, nimeyanyunyizia maji na kuyapanga. Nilichomeka pasi ya umeme niliyoinunua mahususi kwa siku hiyo, nikahesabu hadi kumi, nikaigusisha kwenye kola ya kwanza. Inveta ilianza kulia mlio mkali kama kifaranga aliyekanyagwa, taa zote zikafifia rangi ya chungwa, kisha giza likaingia nyumba nzima. Pasi ilikuwa vuguvugu tu, joto la kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani. Nilijaribu mara tatu, na mara ya tatu nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, nikachomoa. Mashati yale niliyamaliza usiku wa manane kwa makaa, huku mjukuu wangu akinishikia tochi.

Sitaeleza simu zote nilizopiga. Inatosha kusema kwamba najua ule wimbo wao wa kusubiri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ndipo nikaenda Kampala, na ndipo nilipoambiwa kuhusu mwanga.

Jambo ninalojilaumu nalo ni hili: kazi yangu ni kupima, nami sikupima. Mtu akiniuzia mita tatu za kitambaa, navuta tepu mbele yake kabla sijafungua pochi, lakini karatasi iliyobandikwa nyuma ya kioo niliiamini kama hati ya serikali. Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja wa hapa mjini anayetengeneza redio na simu. Alikuja saa sita, jua likiwa kali na anga safi, akaniomba tepu yangu ya kushonea. Paneli moja ilikuwa na urefu wa sentimita 100 na upana wa sentimita 67. Akanieleza kwa lugha ninayoielewa: jua kali la mchana huleta takriban wati 1000 katika kila mita mraba, na paneli nzuri za siku hizi hugeuza sehemu ya tano tu, au zaidi kidogo, kuwa umeme. Paneli yangu haifikii hata mita mraba moja, kwa hiyo ikifanya vizuri kabisa itatoa wati 130 au 140. Wati 250 haziwezi kutoka katika kioo kile, kama vile gauni la mtu mzima lisivyoweza kutoka katika leso. Alipoweka mita yake, ilionyesha ampia saba na kidogo, ambazo kwa paneli ya aina hiyo ni wati 130 hivi, jambo lililokubaliana na tepu yangu.

Betri tuliipeleka kwa wanunuzi wa mahindi, ambao mizani yao iko barabarani mchana kutwa. Mjukuu wangu aliibeba begani peke yake, na hilo lingetosha kunishtua, kwa sababu betri ya kweli ya risasi, ile metali nzito, ya ampia-saa 200 huwa na uzito wa kilo 55 au zaidi. Yangu ilikuwa kilo 29. Mwenye mzani alicheka, akasema hata gunia la mahindi mabichi halidanganyi hivyo. Maana yake ni kwamba nina betri ya takriban ampia-saa 100, ambazo kwa betri ya volti 12 ni wati-saa 1200, na kwa kuwa betri za aina hiyo hazipaswi kushushwa chini ya nusu, nguvu ninayoweza kuitumia kwa usalama ni wati-saa 600 hivi. Pasi ya wati 1000 ingeimaliza katika muda unaozidi nusu saa kwa dakika chache, hata kama inveta ingekuwa ya kweli, na sina tena sababu ya kuamini karatasi ya inveta.

Hapa lazima niseme haki, ingawa inanikera kuisema. Taa ni nzuri. Taa nne zinawaka kuanzia machweo mpaka tunapolala, wajukuu wanasoma bila moshi wa kibatari, na simu za majirani zinachajiwa kwangu kwa mia tano mia tano. Kuna usiku nimekaa chini ya mwanga ule nikitunga barua ya malalamiko, nikajiona kama mtu anayemtukana mwenyeji huku akila chakula chake. Kama ningeuziwa seti ya taa nne kwa bei ya seti ya taa nne, leo ningekuwa nawashauri muinunue.

Nilipousoma mkataba pamoja na binti yangu, kwa maana umeandikwa kwa Kiingereza cha herufi za mchwa, niligundua kwamba yule kijana wa dawatini alikuwa na mahali pa kusimama. Mkataba unataja taa, redio na kuchaji simu. Pasi haimo. Friji haimo. Ahadi ya pasi ilitolewa kwa mdomo, chini ya mwembe wangu, na mwembe hautoi ushahidi. Kwa wiki kadhaa nilipigana na jambo hilo la mdomo, nami nilikuwa napoteza muda wangu. Mtu yeyote mwenye shida kama yangu namwomba aachane na alichoambiwa, ashike kilichoandikwa. Karatasi ya wati 250 imeandikwa. Karatasi ya ampia-saa 200 imeandikwa. Sheria ya Uganda ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na tepu yangu inasema hailingani.

Nilipiga picha za karatasi hizo huku tepu ikiwa imelazwa juu ya kioo, pamoja na picha ya betri juu ya mzani. Hatukufungua kifaa chochote, kwa kuwa fundi alinionya kwamba tukikata lakiri yao watasema tumeharibu wenyewe. Kisha niliandika barua, nikabaki na nakala, nikaipeleka kwa mkono na kugongewa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu simu hazibaki na kumbukumbu upande wangu. Ukikaa kimya muda mrefu ukiendelea kutumia kitu, muuzaji atadai ulikwisha kukikubali. Malalamiko kuhusu bidhaa zisizofikia viwango hupelekwa Shirika la Taifa la Viwango, UNBS, ambalo makao yake yako Bweyogerere, na vibali vya mafundi wa umeme hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA. Mafundi wangu sikuwaomba kibali, wala hawakujitolea kunionyesha. Na kama mazungumzo yakigoma, upo utaratibu wa madai madogo katika mahakama za mahakimu, uliowekwa kwa kanuni za mwaka 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, ambamo mtu hujieleza mwenyewe bila wakili. Deni langu lote linaingia humo na nafasi inabaki.

Kosa moja nililifanya, na lilinigharimu. Nilipandwa na hasira nikaacha kulipa. Siku chache baadaye, saa moja jioni, mfumo mzima ulizimika wenyewe, kwa maana vifaa hivi vya mkopo huzimwa kutoka mbali malipo yakichelewa. Wajukuu walikuwa katikati ya hesabu. Nilitafuta kibiriti gizani nikakumbuka yale maneno ya ofisini, na nakiri kwamba nilitamka maneno ambayo mwanamke wa umri wangu hayatamki mbele ya watoto. Mwanga nilioambiwa kwamba ninao haukuwa wangu hata kidogo. Kesho yake nililipa, nikaandika kwenye barua ya pili kwamba nalipa huku nikipinga, na mwanga ukarudi kabla sijamaliza chai.

Kwa hiyo nikiulizwa kama nawapa alama, jibu langu hubadilika kulingana na saa. Mchana, ninapopuliza makaa na kupangusa majivu kwenye kola, nawapa sifuri. Usiku huwa nasita. Wale mafundi waliofunga walifanya kazi safi, nyaya zimenyooka, hakuna bati linalovuja, nami sidhani wao ndio waliobandika zile karatasi. Lakini kuna mtu aliyezibandika mahali fulani, na kuna mtu anayelipwa mshahara wa kuwaambia akina mama kwamba walitaka mwanga tu.

Juzi nilipigiwa simu na sauti nyingine, ya dada mpole, aliyeniita mama tena, akasema wamepitia barua yangu na wataniletea betri mpya na paneli ya tatu Jumatatu bila malipo, ilimradi nisaini kwamba nimeridhika. Nilimwambia alete vitu kwanza. Tepu iko shingoni mwangu kila siku, na mwenye mzani wa mahindi nimekwisha kumwomba asiende mbali siku hiyo.