Ukinunua msumeno wa meza, anza na kisu cha nyuma

Malalamiko ya wasomaji yamezidi: mtu kanunua msumeno wa meza Kariakoo, kafika nyumbani, kafungua boksi, kile kisu cha chuma kinachosimama nyuma ya bledi hakimo. Akirudi dukani anaambiwa, "Hicho mafundi huwa wanakitoa tu, bosi."

Wati na ukubwa wa meza utavisoma kwenye boksi. Mimi nataka tukiangalie kisu. Ubao wa mninga ukipasuliwa unaweza kujifunga nyuma ya mkato na kuibana bledi. Meno ya nyuma yanapanda juu, hivyo yanaunyanyua ubao na kumrushia aliyesimama mbele. Bledi ya milimita 254 ikizunguka mara 3,200 kwa dakika, meno yake yanakimbia takriban kilomita 150 kwa saa. Ubao unakupiga tumboni, na mkono uliokuwa ukiusukuma unaweza kuangukia kwenye bledi. Kisu ndicho kinachozuia mkato usijifunge.

Dukani, pandisha na ushushe bledi. Kisu nacho kipande na kushuka. Soma unene uliogongwa juu yake: kiwe kinene kuliko bati la bledi, chembamba kuliko meno. Nafasi kati yake na meno isizidi milimita 8.

Namba moja kwangu ni Bosch GTS 10 XC, na sifichi kwamba naipenda. Kisu kipo, na breki ya mota inasimamisha bledi ndani ya sekunde 3 baada ya kuzima. Muda huo wa bledi kujizungukia ndio mtu hunyoosha mkono kuokota kipande. Ya pili ni DeWalt DWE7492, kwa kisu chake.

SawStop ya Marekani husimamisha bledi ndani ya milisekunde 5 ikigusa ngozi. Naiweka ya tatu kwa sababu ya mbao zetu: inategemea umeme mdogo kwenye bledi kuitambua ngozi, na paini mbichi ya Sao Hill, kwa maji yake yanayopitisha umeme, inaweza kuifyatua bure. Ikifyatuka, unanunua katriji (kile kipande cha breki kinachoisimamisha bledi, hutumika mara moja tu) na bledi mpya.

Za bei chee: kisu kikiwepo na kimenyooka, chukua. Grenda yenye bledi ya mbao, usiguse kabisa.

Kinachoniuma ni maduka yanayotoa kisu kwenye boksi kisha kukiuza pembeni kama spea. Kisu hicho mteja ameshakilipia! Fungua boksi kaunta, kabla ya kutoa hela. Muuzaji akikataa, nenda duka la jirani.