Tahadhari: Rimoti za shata na mageti zenye msimbo mmoja zinauzwa Mtwara na Lindi

Ndugu wafanyabiashara na wenye nyumba wa Mtwara, Lindi, Masasi na maeneo ya jirani, ninaandika kuwatahadharisha juu ya muuzaji anayezunguka na gari akifunga mota za milango ya shata na mageti. Rimoti anazouza kwa ahadi kwamba kila moja ina namba yake ya siri, zote tulizozifungua zina msimbo uleule, kiasi kwamba mteja wake mmoja anaweza kufungua mlango wa mwingine bila hata kukusudia. Simtaji jina kwa kuwa suala liko polisi, lakini bidhaa zake nitazieleza vya kutosha ili mzitambue.

Mimi nina duka la pembejeo Chikongola. Mwezi Mei, nikiwa nimejaza mifuko ya salfa kwa ajili ya wakulima wa korosho, alinifungia mota kwa shilingi 850,000, kisha akanitoza shilingi 80,000 nyingine alizoziita gharama za kusajili msimbo wa rimoti mbili. Alinionyesha stika ya rangi ya fedha mgongoni mwa kila rimoti, yenye tarakimu kumi, akasema hiyo ndiyo namba ya utambulisho na kwamba hakuna rimoti nyingine duniani inayoitoa. Usajili huo haupo. TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, huidhinisha aina za vifaa vya redio, lakini haiweki daftari la msimbo wa kila rimoti ya mlango wa duka, na hilo ningelijua kama ningeuliza kabla ya kutoa fedha.

Wiki tatu baadaye, baada ya magharibi, nilikuwa ndani nikihesabu mifuko, shata ikiwa chini, mara nikasikia mota inanguruma na mwanga wa taa za barabarani ukaanza kuingia kwenye sakafu. Nje alikuwa amesimama jirani yangu, mama anayeuza vitenge mlango wa tatu kutoka kwangu, rimoti ikiwa mkononi, naye amepigwa na butwaa kuliko mimi. Alikuwa ametoka kuswali, akabonyeza afungue duka lake, milango miwili ikapanda kwa pamoja. Tulijaribu mara sita, yake kwangu na yangu kwake, na kila mara ilifungua. Namba za stika zetu hazifanani hata kidogo.

Tulizipeleka kwa fundi redio, akazifungua kwa bisibisi ndogo mbele yetu. Ndani kuna betri ya volti 12, kikopo cha bati cha duara kilichoandikwa R433A, ambacho ndicho kinachoshikilia masafa ya megahezi 433.92, na chipu yenye miguu 18 iliyoandikwa 2262. Sasa angalieni hapa kwa makini. Kando ya miguu minane ya chipu hiyo kuna safu mbili za vidoti vya shaba, moja imeandikwa L na nyingine H. Kila mguu unaweza kuunganishwa na L kwa tone la risasi ya kulehemu, au kuunganishwa na H, au kuachwa wazi, na kwa hali hizo tatu katika miguu minane hupatikana misimbo 6,561. Msimbo hutengenezwa hapo, wala si kwenye stika. Katika rimoti zetu zote mahali hapo palikuwa safi kabisa, hapana hata tone moja la risasi, na chipu ya 2272 iliyo kwenye bodi ya mota, ambayo kazi yake ni kulinganisha msimbo unaofika na wake, nayo ilikuwa wazi vilevile. Kazi ambayo fundi mwaminifu angeimaliza kwa dakika chache yeye hakuifanya, akatuuzia karatasi ya kubandika.

Muuzaji huyo anadai pia kwamba rimoti zake haziwezi kunakiliwa, na dai hili linahitaji kuelezwa, kwa sababu wauzaji wengine nao hulitumia. Zipo rimoti zenye chipu ya 1527, ambayo namba yake ya biti 20, yaani tarakimu 20 za sifuri au moja, hutiwa kiwandani, hivyo namba zinazowezekana zinapita milioni moja. Hizo ni afadhali, lakini kwa kuwa namba haibadiliki, mtu mwenye rimoti ya kunakili akiishika yako kwa dakika moja anaondoka na msimbo wake. Kinachomzuia mtu huyo ni msimbo unaobadilika, kama ule wa KeeLoq uliobuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1980 na kununuliwa na kampuni ya Microchip mwaka 1995. Chipu yake ya HCS301 ina namba ya biti 28, zaidi ya milioni 268, pamoja na kihesabio kinachosonga kila unapobonyeza na kufichwa kwa fumbo, na kipokezi hukataa msimbo uliokwisha kutumika. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bochum, Ujerumani, walionyesha kwamba hata huo unaweza kuvunjwa, kwa hiyo sidai kuwa ni kinga kamili, ila kazi yao ilihitaji utaalamu na vipimo ambavyo mwizi wa mtaani hana.

Kama umefungiwa mota na mtu huyu, usiku kata umeme wa mota kwa swichi ya ndani na utie kufuli za chini, kuanzia leo. Kisha mwite fundi unayemfahamu aunganishe vidoti vya rimoti na vya bodi kwa mpangilio mmoja ambao wewe na yeye tu mnaujua. Mimi na jirani yangu tumefanya hivyo kwa shilingi 15,000 kila mmoja, na rimoti zetu hazifunguliani tena. Usijaribu rimoti yako kwenye mlango wa mtu bila mwenyewe kuwepo, maana utajitia matatani.

Rimoti zake ni nyeusi, zina vitufe vinne na kifuniko cha kusukuma, na stika ya fedha iko upande wa nyuma. Simu yake haipatikani tangu tulipomlalamikia, lakini nimeelezwa kwamba ameonekana akifunga mageti upande wa Lindi. Tumetoa taarifa polisi na kuacha huko rimoti moja ya kila mmoja wetu pamoja na risiti. Mwenye rimoti ya namna hiyo aitunze na stika yake, asiibandue, akaripoti kituo kilicho karibu naye.