Jemadari wa Kujitengenezea: Ununue Sanamu Gani?

Kwenye mchezo wa vita wa mezani, unaochezwa kwa visanamu vya askari, jemadari ndiye anayetazamwa kwanza. Kwa hiyo wengi wetu hapa Kampala huagiza sanamu ya kiongozi iliyo tayari, ghali, yenye mkao mmoja, halafu tunaiogopa. Ushauri wangu: ukitaka kumbadilisha jemadari awe wako, nunua kitu ambacho mkono hautatetemeka ukikitia kisu.

Nafasi ya kwanza naipa sanduku la askari wa kawaida wa plastiki ngumu, wa kipimo cha milimita 28 hadi 32, ambao vichwa na mikono huja mbalimbali. Plastiki hiyo hukatika kwa wembe, na gundi yake maalumu huyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Ukikosea, unakata tena. Hasara yako ni askari mmoja tu.

Wangu nilimbadilisha kichwa, nikamsimamisha juu ya jiwe ili awazidi wenzake kimo, kisha nikamvisha lubugo, lile vazi la gome la mutuba. Nilikanda Green Stuff, udongo wa kufinyangia wa sehemu mbili, njano na buluu kiasi sawa, mpaka ikawa kijani kitupu. Nikaitandaza kwenye kigae chenye maji, nyembamba kama ganda la kitunguu, nikaiacha kama nusu saa ipunguze kunata. Nilipolifunga begani lilijikunja lenyewe kama nguo. Mistari myembamba ambayo nyundo ya mti huiacha kwenye lubugo halisi niliichora kwa sindano iliyoloweshwa, mmoja mmoja, jioni nzima. Kesho yake lilikuwa limekauka. Kwa nguo na nywele sijaona kinachoishinda Green Stuff, kwa sababu hata ikikauka hubaki na unyumbufu kidogo. Kwa mawe na deraya chukua Milliput, udongo mwingine wa aina hiyo, ambao hukubali msasa.

Ya pili ni sanamu ya resini, plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga, iliyochapishwa kwa mashine. Sura hutoka kali ajabu, hata mikunjo ya vidole unaiona, ila ni dhaifu. Niliwahi kumbeba mmoja mfukoni kwenye boda boda, nikafika nyumbani upanga umekatika vipande vitatu. Kabla ya kulipa, mguse mgongoni: akinata, resini haijakomaa, na si nzuri kwa ngozi. Ukimsugua, msugue akiwa amelowa na uvae barakoa, maana vumbi lake linadhuru mapafu. Gundi ya plastiki haimshiki, tumia supagluu.

Sanamu za bati nazipa nafasi ya tatu. Uzito wake mkononi unapendeza, lakini kila kiungo kinataka keekee ya milimita 1 na kipande cha waya ndani, la sivyo mkono utadondoka katikati ya mchezo. Rangi nayo hubanduka upesi. Sanamu za zamani, za kabla ya miaka ya 1990, mara nyingi zina madini ya risasi. Nawa mikono, na watoto wasizichezee.

Kiongozi aliye tayari namweka mwisho. Ni mzuri kwa anayetaka kupaka rangi tu.

Kwenye rangi, mimi nanunua Vallejo. Chupa yake hudondosha tone moja moja na haikauki haraka kama kikopo cha Citadel cha mililita 12. Rangi sita zinatosha kuanzia. Rangi ya msingi nunua ya brashi: makopo ya kupuliza hayapokelewi kwenye posta ya ndege, na ukipulizia wakati wa mvua za Aprili, unyevu huacha chembechembe nyeupe kama unga.

Pesa iliyobaki itie kwenye brashi moja ya manyoya halisi, namba 1, wala si zile nyembamba mno ambazo rangi hukauka kabla hujafika kwenye sanamu. Dukani omba maji, ichovye, ikung'ute mara moja. Isipojikusanya ikawa ncha, irudishe.

Lubugo langu nililipaka kahawia yenye wekundu, nikateremsha wino mwembamba wa kahawia nzito kwenye mistari, kisha nikagusa migongo ya mikunjo kwa rangi ya udongo mkavu. Vanishi isiyong'aa nilipaka mara mbili begani na kwenye pindo, maana hapo ndipo kila anayemnyanyua humshika.