Santuri ya ndizi: wameniuzia kasoro, wakaniambia ni kelele

Nimejizuia siku kadhaa nisiandike kwa hasira. Hasira haijaisha, basi naandika nayo.

Nilinunua The Velvet Underground & Nico, albamu ya 1967 ya bendi ya rock ya Marekani, yenye ndizi ya msanii Andy Warhol kwenye jalada, toleo jipya, kwa muuzaji wa santuri hapa mjini. Mwanzoni mwa upande wa pili, kwenye wimbo wa "Heroin", sindano inakwama. Viola ya John Cale, ile fidla kubwa kidogo, inapopanda inarudia kipande kilekile mpaka uinyanyue sindano kwa mkono.

Nikairudisha. Kijana wa dukani akaiweka, akasikiliza kidogo, akacheka na mwenzake. "Kaka, hawa ndivyo walivyopiga. Kelele tu hizi, nani atajua imekwama?"

Mimi najua! Karibu na dakika ya tano mpiga ngoma wao, Moe Tucker, anaacha kabisa kupiga. Alieleza mwenyewe baadaye kwamba alikuwa hawasikii wenzake, akasimama. Mwimbaji Lou Reed anaendelea, Cale anazidi kukwaruza viola, kisha ngoma inarudi na mwili unasisimka. Hicho ndicho kilichorekodiwa. Kasoro ya kiwandani ni kitu kingine, na anayeuza santuri anapaswa kutofautisha.

Eti kelele. Kelele hizo hazikupata wanunuzi wengi zilipotoka, lakini mwanamuziki David Bowie alizisikia akaanza kuimba "I'm Waiting for the Man", wimbo wa albamu hii, jukwaani. Kule Prague, bendi ya Plastic People of the Universe ilipiga nyimbo za Velvet chini ya serikali ya kikomunisti isiyowataka. Walipokamatwa 1976, kesi yao ilimsukuma mwandishi Václav Havel na wenzake kuandika Mkataba wa 77, tamko la kudai haki za binadamu. Watu wamekwenda jela kwa ajili ya muziki uliozaliwa humo, halafu mtu ananichekea kaunta!

Albamu nyota tano, hata hii yangu mbovu. Upande wa kwanza ni safi na naupiga kila jioni. Duka, nyota moja. Nilitaka kuwapa mbili, maana wanaleta santuri usizozipata kwingine, na mzee mwenye duka, ambaye siku ile hakuwepo, ni mtu wa heshima. Labda angenibadilishia. Ukienda, waambie waipige yote hapohapo kabla hujatoa hela.

Hapana, usiende. Kicheko kile sijakisahau. Nyota moja, na hela yangu naitaka.