Scaling Solar: huduma nzuri kwa mkopeshaji, nusu tu kwa mlipaji

Anayetaka kujenga mtambo wa umeme wa jua katika nchi inayoendelea hugundua mapema kwamba kinachokwamisha si paneli bali mkopo. Kwa kuwa mtambo huo haununui mafuta, karibu gharama yake yote hulipwa kabla uniti ya kwanza haijauzwa, na riba ikipanda kidogo tu, bei ya umeme hupanda nayo. Mkopeshaji hupandisha riba hiyo kwa sababu mnunuzi huwa mmoja tu, yaani shirika la umeme la serikali, ambalo mara nyingi limeelemewa na madeni. Huduma ya Scaling Solar, iliyozinduliwa na Kundi la Benki ya Dunia mwaka 2015, iliundwa kuituliza hofu hiyo.

Serikali inayojiunga hupata mshauri wa zabuni kutoka IFC, tawi la Kundi hilo linaloshughulikia sekta binafsi, mikataba iliyokwisha kuandikwa, ahadi ya mkopo, bima ya MIGA, tawi lake la bima, dhidi ya hatari za kisiasa na, inapohitajika, dhamana ya Benki ya Dunia iwapo shirika la umeme litashindwa kulipa. Na yote hayo mzabuni huyaona kabla ya kutaja bei. Hapo ndipo ubora wa huduma hii ulipo. Katika miradi mingine kila kifungu hujadiliwa upya, na mradi mdogo hauna ubavu wa kubeba gharama hizo, kwani ada za mawakili hazipungui kwa sababu megawati ni chache.

Matokeo yalionekana Zambia mwaka 2016, wakati ukame ulipokuwa umepunguza umeme wa bwawa la Kariba. Kampuni za Neoen na First Solar zilishinda kwa pamoja kwa senti 6.02 za dola kwa uniti, na kampuni ya Enel kwa senti 7.84, bei zisizopanda kwa miaka 25. Uzbekistan, ambako soko ni jingine kabisa, ilipata senti 2.68 mwaka 2019.

Bei hizo, hata hivyo, zisisomwe bila kuuliza nani amebeba hatari. Mteja wa Zambia hulipa kwa kwacha, ilhali bei ya mkataba imefungwa kwenye dola. Kwacha iliyokuwa takriban 10 kwa dola mwishoni mwa 2016 ilikuwa imepita 20 ilipofika mwanzoni mwa 2021, na kwa ZESCO, shirika la umeme la Zambia, senti zile zile 6.02 zikawa mzigo maradufu. Nchi yenyewe ilikuwa imeshindwa kulipa hatifungani zake Novemba 2020. Hatari ya sarafu, kwa hiyo, haikuondolewa. Ilihamishwa kutoka kwa mwekezaji hadi kwa shirika ambalo udhaifu wake ndio uliosababisha dhamana itafutwe. Bima ya sarafu inapatikana, kwa mfano kupitia mfuko wa TCX ulioanzishwa mwaka 2007, lakini huongeza gharama, na mzabuni anayeshindania bei ya chini hana sababu ya kuinunua.

Lipo pia lalamiko la wawekezaji wasio na msaada huu, ambao hukutana na mawaziri wanaodai bei zile zile, na lina haki.

Kwa serikali isiyowahi kununua umeme wa jua kwa mwekezaji binafsi, ningeipendekeza huduma hii kwa mtambo wa kwanza, mradi wizara ya fedha idai kabla ya zabuni kwamba angalau sehemu ya bei ilipwe kwa sarafu ya nchi.