Senti kumi kwa picha: tathmini yangu ya mawakala wa picha wa mtandaoni

Alama kwanza, maelezo baadaye: nyota mbili kati ya tano. Miaka kumi iliyopita ningetoa nne bila kusita. Huduma yenyewe haijaharibika. Kupakia picha leo ni rahisi kuliko zamani, na ukaguzi uliokuwa ukichukua wiki sasa mara nyingine hukamilika usiku mmoja. Kilichoharibika ni malipo, na kwa mtu anayeuza picha, malipo ndiyo huduma.

Ninayempima hapa ni yule wakala wa picha za matumizi ya kila aina. Unampelekea picha, anaziweka sokoni pamoja na mamilioni ya nyingine, mteja ananunua leseni ya kuzitumia, wakala anakata chake, wewe unapata kinachobaki. Picha inabaki mali yako na inaweza kuuzwa kwa wateja mia. Mimi hupiga kazi za mikono: spana ikikaza bomba, sindano ikipita kwenye ngozi ya kiatu, kipimo cha fundi umeme kikigusa waya. Si picha za kutundika ukutani. Ni zile ambazo mhariri wa kitabu cha mafunzo anazitafuta saa tano usiku, kesho asubuhi kazi inaenda kiwandani.

Siku hizi mtu akisikia mapato yameshuka, hutaja papo hapo akili mnemba, zile mashine zinazotengeneza picha. Imo, nitaifikia. Lakini kwenye taarifa zangu za malipo mteremko unaanza kabla mashine hizo hazijafika, na unaanzia kwenye mikataba.

Alamy wa Uingereza alikuwa akisifiwa kwa kugawana na mpiga picha nusu kwa nusu. Mwaka 2019 alishusha mgawo hadi asilimia 40 kwa picha ambazo mpiga picha anaziuza kwingine pia. Mwaka 2020 akanunuliwa na kampuni ya habari ya PA Media Group, na mwaka uliofuata yakaja madaraja: ambaye mauzo yake ya mwaka hayafiki dola 250 anapata asilimia 20. Shutterstock, kwa picha zinazopakuliwa kwa kifurushi, alikuwa akilipa kiwango kinachojulikana, kati ya senti 25 na 38 za dola. Tarehe 1 Juni 2020 alihamia mfumo wa ngazi sita, kuanzia asilimia 15 hadi 40, na kiwango cha chini kikawa senti 10. Kila tarehe 1 Januari kila mtu anarudishwa ngazi ya kwanza. Hata uwe umeuza picha elfu tatu mwaka mzima, Januari mnaanza pamoja na aliyejiandikisha jana. Wachangiaji, yaani sisi tunaopeleka picha, walipiga kelele, wengine wakafunga maghala yao ya picha, mfumo ukabaki. iStock, aliyeanza mwaka 2000 kama mahali pa wabunifu kubadilishana picha bure na kununuliwa na wakala mkubwa Getty Images mwaka 2006 kwa dola milioni 50, huwapa asilimia 15 kwa kila picha inayouzwa wale wasiomuuzia yeye peke yake. Adobe Stock amebaki na asilimia 33, ndiyo maana wachangiaji wengi humtaja kwa sauti ya upole kidogo.

Lakini asilimia haisemi kitu mpaka ujue ni asilimia ya nini. Chukua mteja anayelipa dola 200 kwa mwezi kwa haki ya kupakua picha 750. Kila picha imemgharimu kama senti 27. Asilimia 15 ya hapo ni senti nne, kwa hiyo kiwango cha chini kinakuokoa na unapata senti 10. Sasa tuseme umehangaika mwaka mzima ukapanda mpaka ngazi ya sita. Asilimia 40 ya senti 27 haifiki senti 11. Ngazi zote sita, kwa mteja wa aina hiyo, zinatofautiana kwa chini ya senti moja! Ngazi zina maana kwa anayenunua picha moja moja kwa dola kadhaa, na huyo kwenye taarifa zangu anaonekana kwa nadra siku hizi.

Ndipo nikaelewa kwa nini idadi ya picha zangu zinazopakuliwa haijaanguka sana huku pesa zikianguka. Mkono ule wa spana bado unapendwa. Unauzwa karibu kila wiki, na kila wiki unaleta kidogo kuliko mwaka uliopita. Wakala mmoja, nisiyetaka kumtaja, aliwahi kuniandikia mstari wa senti mbili. Nilidhani ni hitilafu, nikawauliza. Wakanijibu kwa adabu sana kwamba hesabu iko sawa.

Pesa pia haitoki mpaka ifike kiwango fulani. Kikiwa dola 25, kwa senti 38 unahitaji picha 66 zipakuliwe. Kwa senti 10 unahitaji 250. Mwenye picha chache anaweza kukaa miezi mingi akiitazama hela yake kwenye dashibodi kama samaki wa kwenye kioo. Juu ya hapo kuna kodi: mawakala wakubwa wengi ni wa Marekani, na mgeni hujaza fomu ya W-8BEN. Ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi na Marekani hukatwa asilimia 30 ya sehemu inayotokana na wateja wa huko. Asiyejaza hali yake ni mbaya zaidi. Hili simlaumu wakala, ni sheria, ila ukurasa wa kukaribisha wachangiaji wapya huandika neno “kipato” kwa herufi kubwa na neno “kodi” unalitafuta kwa tochi.

Kuhusu kazi yenyewe. Kupiga ni sehemu fupi. Kuna kusafisha vumbi, kufuta nembo zote (hata ile iliyochongwa kwenye mpini wa koleo), kupata fomu ya ridhaa iliyosainiwa na kila anayetambulika, kisha maneno ya utafutaji, hadi 50 kwa picha moja. Hapo ndipo wavivu wanapopotea: wanaandika “furaha, mafanikio, biashara” kwenye picha ya bomba. Mimi naandika aina ya bomba, kipenyo, jina la spana. Anayetafuta kitu hicho ni mmoja, lakini akikikuta ananunua.

Ukaguzi naupa nyota tatu. Wakaguzi wa zamani walikuwa wakali lakini ulijua walichokiona. Sasa picha inakataliwa kwa “ukosefu wa fokasi”, unaituma tena bila kuigusa, inapita.

Halafu kuna za bure. Unsplash alianza mwaka 2013, na leo mtu mwenye blogu ndogo hana sababu ya kununua picha ya kikombe mezani. Mwaka 2019 Canva, wenye programu ya usanifu, wakanunua Pexels na Pixabay, nao wagawaji wa bure, na mwaka 2021 Getty Images wenyewe wakanunua Unsplash. Muuzaji na mgawaji wa bure wakawa nyumba moja. Sijui nani alitegemea bei ya wachangiaji ipande baada ya hapo.

Sasa akili mnemba. Desemba 2022 Adobe Stock walitangaza kuzipokea picha zilizotengenezwa na mashine, mradi zitambulishwe hivyo. Machi 2023 wakaja na mashine yao ya kutengeneza picha, Firefly, iliyofunzwa kwa picha za ghala lao, yaani zetu, na baadaye mwaka huo wakatoa bonasi kwa wachangiaji. Shutterstock waliwauzia OpenAI, wenye ChatGPT, data ya mafunzo na kuanzisha mfuko wa kuwalipa wenye picha. Getty Images walikataa picha za mashine tangu Septemba 2022, kisha wakaishtaki Stability AI, kampuni yenye mashine ya aina hiyo. Mashine imezoa kwanza zile picha zisizo na mahali wala mtu: taa inayowaka juu ya kichwa, watu wa ofisini wanaocheka wakiitazama kompyuta iliyozimwa. Sizililii sana. Waliokuwa wakizipiga kwa maelfu ndio walioumia zaidi.

Kwenye kazi zangu bado inakosea. Mwombe mtambo fundi anayekaza nati, atakupa spana iliyoshika hewa. Mhariri wa kitabu cha ufundi hawezi kuchapisha hiyo, mwalimu atamcheka. Picha za habari vilevile: mafuriko ya juzi hayatengenezwi, lazima mtu awe amelowa. Hapo wakala bado ana maana kwangu, na ndiyo nyota yake ya pili. Nyota ya kwanza ni ya wateja anaoniletea kutoka nchi ambazo peke yangu nisingezifikia.

Ukiniuliza kama ujiunge: kama tayari una ghala la picha sahihi za kitu usichokiona kwingine, jiunge, anza na Adobe Stock na Alamy, jaza fomu ya kodi kabla ya picha ya kwanza. Kama unapanga kununua kamera ili wakala aje kuilipia, nunua lenzi ya harusi badala yake, maharusi hulipa siku hiyohiyo.

Mimi nimebakiza akaunti mbili zinazofanya kazi. Kazi mpya iliyo bora naiuza kwanza moja kwa moja kwa wachapishaji, kwa bei tunayokubaliana, na mabaki ndiyo yanaenda kwa wakala. Akaunti ya tatu naisubiri ifike kiwango cha kutoa pesa nichukue changu nifunge. Kwa mwendo wake wa sasa itafika mwakani, ikijaliwa.