Stoo ya waini Nyanda za Juu Kusini: friji ya dukani, mashine ya kupoza au shimo la fundi?

Nyuzi 12 hadi 14, unyevu hewani asilimia 60 hadi 70, giza, na chupa isitikisike: hayo ndiyo masharti ya kutunza waini kwa miaka. Muuza friji atakuambia bila mashine huyapati. Fundi naye atakuambia ardhi ya Mbeya ni friji tosha. Wote wawili wanavutia kwao. Ardhi ya kina hushika wastani wa joto la hewa la mwaka mzima, na kwa Jiji la Mbeya, lililo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, wastani huo ni kama nyuzi 17 au 18. Iringa mjini wastani wa joto ni juu kidogo. Njombe inakaribia 16, na Makete kuna baridi zaidi. Shimo la Iringa, basi, halikupi nyuzi 13 hata ulichimbe mpaka maji yatoke. Linachokupa ni joto lisiloyumba, na hilo ndilo la maana. Waini hutanuka ukipata joto na kusinyaa ukipoa. Kila mzunguko kizibo hupumua na kuingiza hewa kidogo. Chupa inayokaa kwenye nyuzi 18 mwaka mzima itazeeka mapema kiasi. Inayopanda kutoka 14 usiku hadi 26 mchana chini ya bati itaharibika.

Kabla ya kutoa hela, angalia unachotunza. Waini nyingi za Dodoma zimetengenezwa zinywewe zikiwa changa, na chupa nyingi za Afrika Kusini huja na kifuniko cha kuzungusha, ambacho hakihitaji kulazwa wala unyevu. Hizo zinakaa salama kabatini, chini, kwenye chumba kisichopigwa na jua la magharibi. Yanayofuata ni kwa mwenye chupa za kizibo anazotaka kuziacha miaka mitatu au zaidi.

Friji ndogo isiyo na kompresa

Hii ni ile ya chupa 12 hadi 18, inayopoza kwa bapa la umeme na feni. Dar es Salaam ni hasara tupu, maana hushusha joto kwa tofauti fulani tu na la chumbani. Huku kwetu, chumba kikiwa nyuzi 20, inafika 13 bila kuhema, haitetemi na haina kelele. Tatizo lake ni LUKU. Nyingi hula kama wati 70, na zile zisizojizima hufanya kazi saa 24: uniti 1.7 kwa siku, karibu 50 kwa mwezi. Aliye kwenye kundi la D1 la TANESCO (wateja wa matumizi madogo), lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, ajue friji hii peke yake itammalizia theluthi mbili. Pia feni ya nyuma huvuta vumbi. Kiangazi isafishe kila mwezi, la sivyo bapa linaungua.

Friji ya kompresa

Kwa chupa 40 hivi, hii ndiyo ununuzi wenye akili, kwa kuwa kompresa huwaka na kuzima na matumizi ya siku hubaki chini ya uniti moja. Lakini soma kibandiko cha ndani kabla hujalipa, utafute herufi za daraja la hali ya hewa. T ni ya mazingira ya nyuzi 16 hadi 43, ST 16 hadi 38, N 16 hadi 32, na SN 10 hadi 32. Friji ya T iliyotengenezewa nchi za joto, ikiwekwa sebuleni Njombe mwezi Julai ambapo usiku chumba kinashuka chini ya 16, inafanya kazi nje ya mipaka yake: mafuta ya kompresa yanakuwa mazito, kuwaka kunakuwa kwa shida, na kipimo cha mlangoni kinasema 13 huku ndani ni 9. Uliza SN, au yenye kipasha joto cha ndani. Chupa zikishaingia kwenye baridi hiyo utaona chembe ngumu kama sukari chini ya waini. Ni chumvi ya tunda tu, haina madhara.

Funga kinga ya umeme inayochelewesha dakika tatu hadi tano baada ya umeme kurudi. Kompresa inayolazimishwa kuwaka papo hapo haina maisha.

Mashine ya kupoza chumba kizima

Kwa Nyanda za Juu hatuipendekezi kwa stoo iliyo chini ya chupa 300. Inahitaji kuta zenye foamu ngumu ya angalau sentimita 10, karatasi ya nailoni upande wa joto (yaani nje ya foamu, si ndani), na mahali pa kutolea joto nje ya nyumba. Mafundi huibandika nailoni upande wa ndani kwa sababu ni rahisi kuifikia. Matokeo yake mvuke hupenya kutoka nje, hukutana na baridi katikati ya ukuta na kugeuka maji, na baada ya masika moja foamu imelowa.

Kazi ya fundi

Hapa ndipo penye faida. Kwa tofali za kuchoma mafundi wa Mbeya na Iringa hawana mpinzani, na ukuta wao hauna neno. Wanapoharibu ni kwenye maji, kwa sababu wengi huijenga stoo hii kama shimo la choo.

Kanuni ya kwanza: kama kiwanja hakina mteremko wa kutolea maji, usichimbe. Jenga juu ya ardhi, ukuta mnene, uzungushie kifusi. Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, tungesema hivyo hata kwenye mteremko. Iringa ni pakavu zaidi, ila mwamba uko karibu. Toboa mashimo ya majaribio kwa mtaimbo kwenye kona nne kabla ya kupatana bei.

Kipimo kinachofaa nyumbani ni mita 2 kwa 1.5 ndani, kimo mita 2.1, na mita 1.2 tu ndiyo izame ardhini. Kuzamisha zaidi ya hapo kunataka nondo na mhandisi, kwani udongo uliolowa husukuma ukuta, na shimo lenyewe linaweza kumfukia mchimbaji. Ukuta wa inchi 9 unakula tofali kama 1,800, ukihesabu zinazovunjika, na mifuko minane ya saruji ya Songwe kwa udongo wa kujengea wa moja kwa nne (saruji moja, mchanga nne). Msingi, mkanda wa zege na sakafu hesabu yake ni mbali.

Nje ya ukuta, sehemu iliyozama, ipigwe plasta, kisha lami mara mbili, kisha nailoni nzito. Chini usawa wa msingi laza bomba la inchi 4 lenye matundu, matundu yatazame chini, lifunikwe kokoto, lishuke sentimita moja kwa kila mita hadi litokeze upande wa chini wa kiwanja. Usimruhusu fundi kufukia kabla hujamwaga ndoo tano upande wa juu na kuona maji yakitoka kule mwisho. Malipo ya awamu hiyo yafungwe kwenye jaribio hilo, kwa maandishi.

Ndani acha tofali wazi. Plasta na rangi ya mafuta huzuia ukuta kupumua, na ukungu huanzia hapo.

Paa ndilo mdomo wa joto. Chini ya bati weka dari yenye foamu ya sentimita 10, na kati yake na bati pawe na nafasi inayopitisha hewa. Unga wa mbao wa Mafinga unapatikana kwa bei ya bure, lakini unanyonya unyevu na kuoza. Uache kwa wafuga kuku.

Matundu ya hewa ni mawili, bomba la inchi 4 kila moja: la chini sentimita 20 kutoka sakafuni, la juu kwenye ukuta mkabala, yote na wavu. Oktoba na Novemba yafungue usiku, yafunge asubuhi. Ukiyaacha wazi mchana umejenga banda.

Shelfu za paina zikaushwe vizuri kwanza, maana mbao mbichi hunuka utomvu. Mbao zilizotiwa dawa zisiingie kabisa. Vyumba vya sentimita 10 kwa 10, mbao ya unene wa sentimita 2: ukuta wa mita 2 kwa kimo cha 1.8 unabeba chupa 240, zaidi ya kilo 300, kwa hiyo zifungwe ukutani kwa boliti. Asiyetaka seremala akate bomba la PVC la inchi 4 vipande vya sentimita 29. Bomba la mita 6 linatoa 20, na hata chupa nene ya shampeni inaingia.

Usafi ni maji ya moto na brashi. Dawa ya klorini ikikutana na mbao na ukungu huzaa kemikali inayopenya kizibo, na waini ikanuka kama boksi lililolowa. Viazi na vitunguu visilale humo pia. Ulanzi ndiyo kabisa: unaendelea kuchacha, na ukiuziba kwenye chupa ya kioo utaokota vipande.

Kipima unyevu cha bei ndogo hudanganya kwa urahisi. Kijaribu: weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha soda, idondoshee maji mpaka iwe tope, ifungie pamoja na kipima ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa saa nane, chumbani. Kisome 75. Kikisoma 68, ongeza 7 kwenye kila kipimo utakachochukua. Ikizidi 80 lebo zitaota ukungu, na tundu la juu lifunguliwe. Ikishuka chini ya 50 mwezi Septemba, beseni la kokoto zilizolowa linatosha.